Nyumba Tuliyoinunua kwenye Gemu

Katika duka la vifaa vya umeme ninakofanya kazi, hapa Mishomoroni, hakuna balbu inayotoka bila kuwashwa. Ukutani kuna kibao chenye holda mbili na swichi. Mteja akitaka balbu naitoa kwenye boksi, naifunga pale, naiwasha mbele ya macho yake, ndipo tunazungumza habari ya kulipa. Juu ya kibao pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Watu wakija kesho yake na balbu iliyokufa, mimi ndiye huwaonyesha yale maandishi, na sijawahi kuwa mpole. Uliiona ikiwaka, huwaambia. Sasa wataka nini?

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Si mzee asiyejua mtandao. Ni mimi, niliyesomea kompyuta miaka miwili, ninayecheza gemu tangu shule ya upili, na ninayegombana na wateja kama sehemu ya kazi. Mganga hajigangi.

Nyumba yetu ilikuwa Likoni, upande wa Shelly Beach. Baba aliijenga kwa mikono yake, maana ni seremala, na uashi alijifunza kwa kuangalia wenzake. Nyumba ilikuwa yetu ila ardhi haikuwa yetu. Watu wengi wa huku wameishi hivyo: mwenye ardhi anakuruhusu ujenge, unamlipa kodi ya kiwanja, kuta na mabati ni vyako, mchanga ulio chini ni wake. Tulikaa namna hiyo tangu kabla sijazaliwa. Kisha mwenye ardhi akafa, warithi wakauza, na mnunuzi akatupa siku za kuondoka. Kwa desturi unaruhusiwa kung'oa kilicho chako. Baba akang'oa mabati, akang'oa madirisha, na mwisho kabisa akang'oa mlango wa mbele.

Ulikuwa mlango wa mvule, mzito, umepakwa rangi ya kijani mara nyingi hata kingo zake zikawa za mviringo. Kitu cha kipekee kwenye mlango ule kilikuwa komeo. Mama alipigwa na kiharusi miaka minne kabla ya kufa, na mkono wake wa pekee uliofaa ukawa haunyanyuki kupita kiuno. Naye alikuwa mtu wa kupokea wageni mwenyewe. Hakupenda mtu apige hodi halafu afunguliwe na mwingine. Siku moja, bila kumwambia mtu, baba alilishusha komeo hadi pale mkono wa mama ulipofika akiwa kitini. Tangu hapo mgeni akibisha, humkuta mama ameshafungua, anacheka. Sisi wengine tuliinama kila siku kufunga mlango wetu wenyewe, na hakuna aliyelalamika.

Mama alikufa mwaka mmoja kabla ya tingatinga kuja kubomoa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Tulihamia vyumba viwili vya kupanga huku Mishomoroni, baba na mimi bintiye. Mabati na madirisha baba aliwapa jamaa zake kijijini. Mlango hakuutoa. Aliuegemeza ukutani nyuma ya makochi, ukaziba nusu ya dirisha, nami nikanung'unika kwamba tunaishi gizani kwa ajili ya ubao. Kumbe giza lenyewe lilikuwa njiani. Hospitali walisema ni presha ya macho, kwamba uoni uliokwisha kwenda haurudi, na kwamba matone yangesaidia kuulinda uliobaki. Baba alikuwa akiona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba.

Alasiri moja alikuwa ameketi uani, akaniita. Nikaitika abee. Akaniambia, "Mama, nikifumba macho nakiona kile chumba chetu cha Likoni. Lakini nimeanza kusahau dirisha lilikuwa upande gani."

Mimi nilikumbuka, nikamwambia. Lakini maneno yale yaliniogopesha kuliko maneno ya daktari.

Ilikuwa katika siku hizo nilipoliona tangazo la gemu. Kikundi cha vijana sita wa nchi ya mbali walikuwa wakitengeneza mji mzima ambao kila mchezaji angekuwa na mtaa wake. Gemu ilikuwa bado haijatengenezwa. Walikuwa wakikusanya michango ya kuitengenezea. Aliyechanga kidogo angeandikwa jina. Aliyechanga zaidi angepewa kiwanja. Na aliyechukua kifurushi kikubwa angetuma michoro na picha za nyumba yoyote aipendayo, nao wangeijenga vile vile, chumba kwa chumba, uingie na kutembea ndani yake. Waliahidi kumaliza katika miezi kumi na minane. Nilihesabu miezi, nikahesabu na macho ya baba, nikaona vinakutana.

Harambee nazijua. Nimechangia arusi, karo na matanga. Lakini kwenye harambee mwenyekiti unamjua, na pesa zikipotea unakwenda kwake kumtukana akiwa anakula. Hawa niliwajua kwa video moja wakicheka mbele ya karatasi zilizobandikwa ukutani. Hata hivyo niliwaamini. Walikuwa na nyuso za watu wanaopenda kazi yao.

Baba aliniuliza swali moja tu. "Na kiwanja, mwenyewe nani?"

Nikacheka. Nikamwambia ni chake yeye, na kwamba hati inakuja. Kweli ikaja, kwa barua pepe, yenye muhuri wa dhahabu wa kuchorwa. Nikaichapisha, baba akataka ifunikwe kwa plastiki, akaitundika kwa msumari. Mtu aliyelipa kodi ya kiwanja maisha yake yote alikuwa na hati ukutani kwa mara ya kwanza. Masharti yalikuwa na kurasa nyingi za maandishi madogo. Mimi, ninayewasomesha watu maandishi ya ukutani, sikuyasoma.

Akiba yangu haikutosha kifurushi kikubwa. Baba ndiye aliyesema kwamba kama nyumba nzima inarudi, mlango mmoja una kazi gani chumbani, tuuze. Nimejaribu mara nyingi kujifariji kwa hilo. Wazo lilikuwa lake, lakini mnunuzi nilimtafuta mimi. Alikuwa mtu aliyekuwa akijenga Jomvu Kuu, alikuja na mkokoteni, akaugongagonga mlango kwa vifundo vya vidole na kuusifu. Baba aliufuata ule mkokoteni mpaka barabara ya lami, mkono wake juu ya mbao. Aliporudi alisema chumba sasa kina mwanga. Nilikubali kwamba kina mwanga.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kila nikitoka kazini tulikaa na karatasi. Baba alipima nyumba kwa pima za mikono yake, akasimama katikati ya chumba cha kupanga akiwa Likoni kabisa: hapa jiko, hapa mtungi, hapa ngazi mbili kwa sababu ardhi iliinama. Dirisha la chumba chao likarudi upande wake. Habari ya komeo alinifanya niiandike mara mbili, na nikaeleza kwa nini liko chini. Wale vijana walijibu kwamba hadithi hiyo imewagusa sana. Nikamsomea baba jibu lao, akaitikia kwa kichwa, akasema ni vijana waliolelewa.

Miezi kumi na minane ikafika, wakaomba sita zaidi, kisha wakatoa toleo la kujaribia. Nilifungua kompyuta juu ya meza siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Baba alivuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo. Pakatokea nyasi. Pakatokea kuta nne za kijivu zisizo na paa, na katika ukuta wa mbele tundu refu lenye umbo la mlango, na juu yake maandishi kwamba sehemu hii inakuja. Nilimtembeza ndani. Hakukuwa na vyumba. Ukifika mwisho wa nyasi ulikuwa unaanguka kwenye weupe.

Baba alisogeza kichwa polepole, kushoto, kulia, kama afanyavyo ili kuona kitu kizima.

"Mlango uko wapi?"

Nikamwambia bado wanajenga. Akasema sawa, msingi haukimbizwi. Alisema hivyo kwa heshima ya fundi kwa mafundi wenzake, na ile heshima ndiyo iliyoniuma.

Hawakujenga tena. Lakini duka la ndani ya gemu halikufungwa hata siku moja, na hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Waliuza vitanda vya kuweka katika nyumba zisizo na vyumba. Waliuza mapazia ya madirisha yasiyokuwepo. Kila mwezi kulikuwa na bidhaa mpya na picha yake nzuri. Nami nilinunua taa ya barazani, nikijiambia kwamba tukiendelea kuwaunga mkono watamaliza. Mimi wa balbu nilinunua taa nisiyoiona ikiwaka.

Baba alikuwa akiuliza kila baada ya kutiwa matone. Wanajenga, baba, nilimjibu, na nilijibu hivyo zaidi ya mwaka. Lile bomba analochungulia likawa linazidi kuwa jembamba. Akaanza kugonga vikombe. Akaacha kunyoa mwenyewe. Siku barua ilipokuja kwamba kazi imesimamishwa na kwamba wanatushukuru kwa kusafiri pamoja nao, baba alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga wa mlangoni.

Niliandika nikidai haki yangu. Wakanijibu kwa adabu kwamba sikununua kitu, nilichangia. Hati ilikuwa ya shukrani, si ya umiliki, na yote yalielezwa katika masharti. Nikaenda kwenye ofisi moja mjini inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Bwana aliyenisikiliza alikuwa mwema, akaniuliza duka liko wapi, bidhaa iko wapi, risiti inasemaje. Risiti ilisema asante kwa kutuunga mkono. Aliigeuza simu yangu huku na huku kama atakayeona kitu upande wa pili, kisha akaniambia ameelewa, lakini hajui aandike nini kwenye fomu. Nilitoka pale nikiwafikiria wateja wangu wote na balbu zao mkononi.

Nikamwambia baba siku hiyo hiyo, uani, mchana. Nilimwambia yote, hata ule mwaka wa kumdanganya. Nilitaka anigombeze, ningepumua.

"Yule aliyenunua ardhi alitupa siku za kung'oa mabati," akasema. "Hawa hata msumari."

Kisha akaniuliza kama najua aliyeununua mlango anakaa wapi.

Nilimtafuta, nikampata kwa simu. Nilitaka kuununua tena kwa bei yoyote. Akakataa kwa upole. Nyumba imekwisha, mlango umeshatiwa, mama yake ndiye anayekaa humo, na hawezi kumwacha mama yake bila mlango. Sikumbembeleza, maana angekuwa baba angesema vilevile. Lakini alisema tukitaka kuuona tukaribie.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Njia za Jomvu Kuu ni za miguu, nyembamba, na baba alitembea nyuma yangu, mkono begani mwangu. Tulipofika nilimweka mbele ya mlango, nikamwambia ndio huu. Walikuwa wameupaka rangi ya samawati. Sikumwambia habari ya rangi.

Aliweka viganja vyote viwili juu ya mbao. Akapapasa kingo, zile za mviringo, akatabasamu. Kisha mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe, bila kutafuta, mpaka usawa wa kiuno, ukasimama hapo. Komeo halikuwepo. Palikuwa na duara za mbao zilizopigwa kuziba matundu. Nililiona komeo jipya juu, mahali ambapo watu wote huliweka. Baba alizisugua zile duara kwa kidole gumba, moja moja, kwa muda mrefu, akipima kama zimetokeza.

"Wameziba vizuri," akasema.

Ndipo akapiga hodi. Nadhani hakukusudia, mkono ulikuwa pale na mazoea ni mazoea. Kutoka ndani sauti ya mama mtu mzima ikaitika, "Karibu, baba, sukuma tu. U wazi."

Baba akabaki ameinama kidogo, mkono pale chini, akisubiri afunguliwe.