Bukari Bwana Yangu Alishindwa Kumeza

Bwana yangu alianza kusukuma sahani mwaka ule batu ya Katanga balianza kufukuza batu ya Kasai. Ye alikuwa Mukasai, lakini alizaliwa hapa Kolwezi, mu nyumba ya kampuni kule Dilala, juu baba yake aliletwa kuchimba shaba. Mi natoka kaskazini ya Katanga. Tulizaa batoto ine, na kabila hatukuizungumuzia pa meza.

Bukari, ni kusema ugali, kwetu hatutafune. Unafinya, unachovya mu sombe ya majani ya muhogo, unameza. Sasa bwana yangu akaanza kutafuna sawa muzee bila meno. Akiisha kutafuna anakunywa maji, anasimama, ananyoosha shingo, anapiga-piga kifua, anakunywa tena. Kiisha anasema, "Nimeshiba, mama." Mutu mwenye kushiba, lakini suruali anaifunga na kamba.

Mi si muke wa kuuliza-uliza. Mushahara ilikuwa haitoki tena, unga niliitafuta kwa miguu, nikirudi nimechoka, sina nguvu ya kubembeleza mutu muzima. Alikohoa sana akilala. Asubuhi nikifua foronya nakuta chakula ya jana, vile vile alivyoimeza, haina hata ule ukali wa matapishi. Ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Dada yangu mukubwa ndiye alileta neno mu nyumba.

"Ule hana ugonjwa. Anakuogopa."

"Kuogopa mi?"

"Sumu. Muko naye kabila mbili, na inje batu wanapigana. Haukuona? Uji anakunywa, lakini batoto kwanza, ye nyuma."

Ilikuwa kweli. Uji alikunywa nyuma ya batoto. Na kaka yangu mudogo, wa tumbo moja na mi, alikuwa anazunguka na bale bijana ya fimbo, bale baliokuwa banaita Bakasai "bilulu", ni kusema wadudu. Kwa hiyo nilisadiki. Kwetu, mupishi akishukiwa, anaonja mbele, na mwenye kushuku anakula nyuma yake, hapo hapo, batu banaona. Ikiisha, neno limekufa.

Siku ya Mungu, tulipotoka kanisani, nilisonga bukari. Nikaita batoto. Nikafinya tonge, nikameza. Nikafinya ingine, nikamuwekea mu mukono.

"Kula."

"Mama, si vile."

"Batoto yako banaangalia. Kula."

Hakutafuna. Alimeza yote, juu ya kunifurahisha, naona. Ikasimama. Kupumua alipumua, lakini hata mate yake haikushuka, ilimutoka mu kinywa sawa mutoto anaota meno, na macho imesimama juu yangu. Ilikawia sana mbele ya kurudi. Akapanguza kinywa, akaweka kidole katikati ya kifua.

"Inasimama hapa. Miezi sasa."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Batu wangesema Mukasai woga imemukaba. Nilikuwa naachia batoto bashibe mbele, juu kwangu nusu inarudi tu."

Kesho yake nilimupeleka ku hospitali.

Munganga alimuuliza maneno mi sikuwahi kumuuliza. Ni bukari ilianza kusimama, kiisha maji, ao zote mbili pamoja? Pamoja, bwana yangu akasema. Munganga akatikisa kichwa. Akasema kansa ya njia ya chakula, mara nyingi, inaanza kukataza bitu bigumu, na maji inakuja nyuma. Hii inaweza kuwa ingine. Lakini bila kupiga radio ya kifua, ile picha ya ndani ya mwili, hawezi kuapa.

"Basi piga."

"Mashine ni nzima, mama. Mutu wa kuipiga ndiye hayuko. Ni Mukasai. Iko ku gare na bibi yake, banangojea treni."

Nikaacha bwana yangu ku hospitali, nikaenda ku gare. Magodoro, masufuria, bibi na batoto mupaka ku njia ya chuma. Nikifungua kinywa, banasikia natoka wapi, banageuza uso. Fundi wa radio nilimukuta anakatia mutoto kucha.

"Mama, juzi mulinifukuza mu nyumba. Leo munanitaka ku kazi?"

"Mugonjwa ni wenu."

"Ah. Leo ndiyo ni wetu."

Bibi yake akacheka kidogo, kiisha akauliza, "Na treni ikikuja?"

"Hii treni?" fundi akasema. "Hii itakuja siku tumeisha kuota mizizi."

Lakini hakusimama. Nikaelewa. Nikakaa pa godoro yao, katikati ya bitu yao. "Nenda. Treni ikikuja, mi nitapandisha bibi na batoto mbele, kiisha nitajilaza pa mulango ya behewa mupaka ufike."

Aliniangalia, akavaa viatu.

Nilikaa mupaka jua ikageuka. Balirudi bote babili kwa miguu, bwana yangu na midomo nyeupe. Balimunywesha dawa nzito sawa chokaa, na radio ikafuata vile inashuka. Fundi akainua picha, akaielekeza ku jua.

"Hii bomba ni njia ya chakula. Huku juu imepanuka sawa mufuko. Huku chini, pa mulango ya tumbo, imebana sawa mudomo ya ndege. Ile mulango haifunguki. Munganga anasema mishipa ya kuiamuru ilikufa."

"Iliuliwa na nini?"

"Hajue. Anasema mara nyingi sababu haijulikane. Si sumu. Si woga."

"Inapona?"

"Inakatwa na munganga wa kupasua. Wa kukata, hapa hakuna tena. Lakini kwa misioni, kule Kasai, iko mumoja."

Ndipo na siye tukaleta godoro yetu ku gare. Dada yangu alikuja kuniuliza kama nimepata wazimu, kufuata batu bale kwa mapenzi yangu. Nilimuachia batoto babili bakubwa na funguo. Njiani bwana yangu aliishi na maji ya uji, kijiko kwa kijiko, amekaa wima, juu akilala inarudi.

Kule balimukata. Siku balimuruhusu kunywa, muuguzi akaleta maji mu kikombe. Mi nikashika beseni chini ya kidevu yake. Akakunywa. Tukangoja. Akakunywa tena.

"Mama," muuguzi akaniambia, "hiyo beseni, weka chini."

Sikuiweka. Niliishika mupaka mukono ikachoka.