Televisheni kwenye Kiti cha Baba

Siku wakwe walipoleta mahari ya mdogo wetu wa mwisho, tuliweka televisheni juu ya kiti ambacho baba angekalia. Ndivyo tonton alivyoamuru kutoka Ulaya. Yeye ni mdogo wa marehemu baba. Kwenye mazishi ya wazazi wetu alilia kuliko sisi sote, kisha akapanda gari akaenda zake. Mimi, mkubwa, nikaacha shule, nikauza sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, sokoni Kadutu, nikalea wadogo zangu wawili. Miaka yote hiyo hakuuliza hata tunakula nini. Aliposikia harusi, akakumbuka kuwa ana ukoo.

Nilimwambia kwenye simu kwamba nitasema mimi.

"Weye mwanamuke," akacheka, "na hata secondaire haukumaliza. Utasema nini mbele ya watu? Muniweke kwa televizio, waone uso wa papa."

Mdogo wangu wa kiume, anayesoma chuo kikuu, aliweka programu ya video kwenye kompyuta, akaunganisha waya na televisheni, akafungua anwani aliyotumiwa na tonton. Simu iliyolala mezani ndiyo ingempelekea sauti zetu. Mtandao wa mtaa wetu ni dhaifu, picha ikawa inakatika. Basi akapanga programu ikusanye picha na sauti nyingi kwanza, ndipo izitoe; zisikatike, ila zitufikie zimechelewa. Tonton akatulia kwenye kioo: koti, tai, na nyuma yake kabati la vitabu ambavyo sidhani amewahi kuvifungua.

"Ameenea kiti," nikasema. "Kichwa tu ndiyo kinazidi."

Wakwe wakafika kutoka Walungu. Msemaji wao, mzee mwenye kofia, akaiinamia televisheni.

"Papa, tunakusalimia."

Tonton alikuwa akinyoosha tai. Mzee akakohoa, akasonga mbele hadi kwenye swali lenyewe:

"Papa, huyu mutoto munatupatia ao hapana?"

"Salamu tumepokea!" tonton akachangamka. "Na safari ilikuwa aje?"

Kisha akaganda, mdomo wazi.

Wakwe wakatazamana. Kwetu, ukiuliza swali hilo usijibiwe, umenyimwa kwa adabu. Unatoka na watu wako kushauriana, na wengine hawarudi. Mzee akashika fimbo yake. Mdogo wangu wa kike alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, ameshika glasi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo binti humpa yule anayemtoa. Akanigeukia. Machozi yalikuwa yameshafika.

Nikasimama.

"Muzee, musitoke. Mutoto tunawapatia."

"Na weye ni nani?"

"Mwenye alimulea. Huyu wa kwa kioo alikujaka kwa matanga tu."

"Ée!" mama mmoja wa upande wao akaguna.

Mzee akaketi tena, akavua kofia.

"Basi maman, tunashukuru."

Mdogo wangu akanijia kwa magoti, akanipa glasi. Nikanywa. Vigelegele vikapigwa hadi majirani wakachungulia.

Tulikuwa tukigawa ugali picha ilipoanza kutembea tena. Tonton akainua mkono, uso ameukunja kama hakimu.

"Mimi kama papa yake," akasema, "nimekubali."

Wakwe wakaangua kicheko, matonge mikononi. Mdogo wangu wa kiume, aibu imemjaa, akanyoosha mkono kwenye kompyuta.

"Yaya," akaniita mimi dada yake mkubwa, "nizime?"

"Acha," nikasema, nikivuta kiti karibu. "Hajafika pale penye ananisikia nikimusema."