Mfuniko Uliosemekana Umekwama

Walburga Nyoni alipata gari lake la kwanza akiwa na miaka sitini na mbili, na kwa wiki kadhaa kila alipoamka alifungua dirisha kwanza kuhakikisha bado lipo uani. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, rangi ya fedha, lililokwishatumiwa na wengine kabla ya kufika kwake Mjimwema. Alikuwa amelishonea. Ndivyo alivyopenda kusema. Miaka thelathini na nne alikanyaga cherehani, akashona majoho ya kwaya, kanzu za mapadre na sare za shule kutoka Songea mjini mpaka Namtumbo, na mwisho wake ukawa gari.

Aliyelifuata Dar es Salaam na kulileta alikuwa Fulgence, mtoto wa marehemu kaka yake. Walburga hakujaliwa kuzaa. Kaka yake alipofariki alimchukua Fulgence akiwa darasa la tatu, akamlea, akamsomesha udereva, na gari lilipokuja hakukuwa na swali nani angeliendesha. Fulgence sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mcheshi, mwepesi wa kumbebea shangazi yake mizigo mbele za watu.

Lakini Walburga naye alitaka kuendesha. Alijiandikisha kwenye mafunzo, akavumilia vicheko vya vijana aliosoma nao, akapata leseni. Siku aliyoendesha mwenyewe kutoka nyumbani hadi Msamala kununua vitambaa na kurudi, alikaa ndani ya gari kwa robo saa nzima kabla ya kushuka.

Haukupita mwezi, Fulgence akaja na habari.

"Shangazi, kuna tatizo dogo. Mfuniko wa mafuta umekwama."

Akampeleka ubavuni mwa gari, kwenye kile kimlango kidogo kinachoziba mdomo wa tenki. Walburga akakibonyeza, akakisukuma, akatafuta tundu la ufunguo. Halikuwepo.

"Waya wake wa ndani umekatika," Fulgence alisema. "Mtu akilazimisha ataharibu tenki zima. Mimi nimeshapata namna ya kuufungua, lakini unataka mkono uliouzoea. Tafadhali usimruhusu mtu wa sheli auguse."

"Si tuupeleke kwa fundi?"

"Kipuri chake hakipo Songea. Nimeshaagiza."

Siku moja, Fulgence akiwa hayupo, Walburga alijaribu kutafuta mwenyewe. Alipapasa chini ya usukani, akapata kishikio, akakivuta, na boneti likafunguka kwa kishindo mbele yake. Alilifunga haraka akitazama kama jirani amemwona. Hakurudia tena.

Wakati huohuo Fulgence alimwomba amshonee zulia la chini la gari, kwa sababu matope ya masika yalikuwa yanaharibu ndani. "Lifanye refu, shangazi, lifike mpaka ukingo wa mlango." Walburga alitafuta kipande kizito cha kahawia, akakizungushia pindo la nyuzi mbili, na Fulgence akakibandika mwenyewe kwa gundi.

Kuanzia hapo kujaza mafuta ikawa kazi ya nusu siku. Fulgence alitoka asubuhi, akarudi alasiri na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Mfuniko leo umenitesa," alisema, na Walburga akamwonea huruma, akamwekea nyama iliyobaki. Yeye mwenyewe alijifunza kuutazama mshale wa mafuta kama mtu anavyoutazama mtungi wakati wa shida ya maji. Kanisani, sokoni, Msamala, basi. Peramiho, alikokuwa akiishi dada yake Hilda, hakuthubutu kwenda bila Fulgence, maana mafuta yakimwishia njiani nani angemfungulia? Kipuri kiliagizwa mwaka wa kwanza, kikaagizwa tena wa pili.

Mwezi wa sita Hilda akalazwa hospitalini kule Peramiho, moyo umechoka. Walburga alikwenda kumwona mara mbili, akiendeshwa. Halafu, Jumanne moja ya baridi, saa tatu asubuhi, simu ikaita. Alikuwa Eufemia, binti wa Hilda.

"Mama mdogo, mama anakuulizia sana. Njoo leo. Usingoje kesho."

Walburga alivaa viatu na sweta, akachukua mkoba, akawasha gari. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa na taa ya rangi ya chungwa inawaka. Fulgence ndiye aliyelitumia jana yake, na alikuwa ameondoka alfajiri kwa miguu akisema ana shughuli. Walburga alimpigia.

"Nakuja, shangazi. Nipo njiani."

"Nimpelekee mtu wa sheli ajaribu?"

"Hapana! Usiguse, utaharibu. Nisubiri nakuja."

Akaweka kiti mlangoni, akakaa na mkoba mapajani. Saa nne akapiga. "Dakika ishirini tu, shangazi." Saa tano akapiga. Dakika ishirini. Saa saba simu ya Fulgence haikupatikana kabisa, na bado Walburga alikaa, kwa kuwa mtu uliyemlea akikuambia anakuja, unajua anakuja. Saa nane ndipo aliposimama. Bodaboda ikampeleka stendi, akakuta haisi inangoja abiria, naye akangoja.

Alipofika wodini ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Eufemia alikuwa amesimama kwenye korido, ameshika khanga ya mama yake iliyokunjwa vizuri.

"Alikuulizia mpaka saa tisa," Eufemia alisema. "Kila mlango ukifunguliwa anasema, ni Walu huyo?"

"Gari, mwanangu," Walburga alijibu. "Gari limeniharibikia."

Fulgence alikuja msibani kesho yake. Alibeba jeneza, akalia mpaka akashikwa na watu, na Walburga ndiye aliyempangusa machozi na kumwambia asijilaumu, kwamba vyombo vya moto ndivyo vilivyo.

Misa ya arobaini ilipangwa Jumamosi, Peramiho. Fulgence aliahidi kuwa mlangoni saa moja kamili. Saa moja na nusu hakuwepo, na simu yake iliita bila kupokewa. Walburga alikitazama kile kiti, asikikalie. Akafungua droo ya cherehani, akatoa bisibisi, akaitia mkobani. Mfuniko ukivunjika, uvunjike. Tenki likitoboka, litoboke. Akaliendesha gari, taa ya chungwa ikiwaka, mpaka sheli iliyo upande wa kutokea mjini kwenda Mbinga.

Mhudumu wa zamu alikuwa dada kijana aliyejifunga hijabu, jina lake Nasrin limeandikwa kwenye sare.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza, mfuniko wa hili gari umekwama miaka miwili sasa. Nimekuja na bisibisi, tuuvunje."

Nasrin alitazama bisibisi, akatazama namba za gari. "Samahani, mama. Hili si gari la Fulgence?"

"Ni langu. Fulgence ni mtoto wa kaka yangu."

"Ah." Yule dada alisita. "Mbona yeye hutuambia ni lake. Na huu mfuniko, wallahi mama, haujawahi kukwama. Mimi mwenyewe namjazia, Jumatano nimemjazia hapahapa. Hebu nifungulie mlango wako."

Aliinama, akapitisha mkono kati ya kiti na mlango, akaliinua pindo la lile zulia la kahawia. Chini yake kulikuwa na kishikio kidogo cheusi, chenye picha ya pampu. Nasrin akakivuta kwa kidole kimoja.

Tak.

Kimlango kule ubavuni kikafunguka chenyewe.

Walburga alikuwa anatazama mshono wake. Nyuzi mbili, pindo la kugeuza, kazi safi. Alikuwa ameshona kwa mkono wake mwenyewe kitu cha kumziba yeye mwenyewe macho.

"Yeye huwa hata hashuki," Nasrin aliendelea huku akichomeka pampu, akidhani anafariji. "Anavuta tu, namjazia, halafu anakwenda pale kona kupakia watu wa Mbinga." Akageuka, akamwona uso. "Mama, unajisikia vizuri?"

"Jaza, mwanangu. Jaza mpaka juu."

Aliendesha mpaka Peramiho bila kukumbuka baadaye alipita wapi. Jambo moja tu lilikuwa linazunguka kichwani. Siku ile Fulgence hakuhitaji kuja. Hakuhitaji hata kuacha shughuli yake. Angesema kwenye simu, shangazi, inua zulia, vuta kile kishikio. Maneno hayo tu, na yeye angefika kwa Hilda kabla ya saa tano. Na alimpigia mara tatu.

Baada ya misa, watu wakiwa wanagawiwa chai, Eufemia alimjia. "Mama mdogo, nimeona umekuja mwenyewe. Kumbe gari limepona?"

Ingekuwa rahisi kuitikia. Walburga akaweka kikombe chini.

"Halikuwa bovu, Eufemia. Siku ile halikuwa bovu. Nilidanganywa, na mimi nikakudanganya bila kujua." Akamsimulia yote, pale penye mabenchi, bila kupunguza neno. Eufemia alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Aliporudi Mjimwema alasiri alimkuta Fulgence amesimama uani, macho yanalizunguka gari.

"Shangazi! Umeendaje? Mafuta je?"

Walburga alifungua mlango wa dereva, akaliinua zulia. Fulgence alitazama kile kishikio, tabasamu likamshuka.

"Nilianza kama utani," alisema hatimaye. "Nilijua ukishaweza kujaza mwenyewe, hutanihitaji tena. Na kule Mbinga kuna binti. Wazazi wake nimewaambia nina gari."

"Jumanne ile ulikuwa huko?"

"Nilikuwa nao. Ningesemaje kwenye simu mbele yao? Na ningekuelekeza, ungejua yote." Akapiga magoti. "Nisamehe, shangazi. Sikujua atakufa siku ileile. Halafu, hata ungefika, ungemfanyia nini?"

Mpaka hapo Walburga alikuwa anaona kama anaweza kumsikiliza. Neno hilo la mwisho ndilo lililomaliza.

"Ningefungua mlango," alisema. "Alikuwa anautazama mlango. Nipe funguo zako."

Fulgence aliziweka mkononi mwake. Hakufukuzwa, jioni ile alikusanya nguo zake mwenyewe akahamia kwa rafiki, na baada ya wiki mbili akaenda Mbinga. Mzee Isidori, aliyebaki mkubwa wa ukoo, alikuja kusuluhisha. Walburga alimpokea vizuri, akamwambia kwamba padre ameshamuuliza kuhusu kusamehe na ameshamjibu, lakini mambo ya padre na mambo ya funguo ni tofauti.

Lile zulia alilikwangua kwa kisu kikuukuu, gundi na yote, akalichoma pamoja na vipande vya vitambaa. Sasa Jumamosi anapeleka majoho mwenyewe, na kwa Eufemia huenda kila mwisho wa mwezi. Wanazungumza, ingawa si kama zamani. Kuna wakati Eufemia huutazama mlango halafu huinamisha macho.

Krismasi Fulgence alikuja, amekonda, mikono mitupu. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Alimpakulia wali na kuku, paja, kama alivyompakulia tangu akiwa darasa la tatu. Alimwangalia akila, akitafuta usoni mwake yule mtoto aliyemshika mkono kaburini kwa baba yake, akamwona palepale, hakwenda popote. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Fulgence alipomaliza kula alinawa, akashukuru, akauliza kwa sauti ndogo kama amwoshee gari.

"Acha," Walburga alisema. "Limeshaoshwa."