Mlango Alioulalia Bibi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa kwenye kiduka cha spaza, tulikaa chumba kimoja Doornfontein, kusini kabisa mwa bara. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Umatumbi, kusini mwa Tanzania, kumwona mdogo wangu mchanga. Wiki hiyohiyo mtaa wa Alexandra ukawaka ghasia. Wageni kama sisi walikuwa wanapigwa na kuchomewa vibanda, na vyerehani vya baba vilikuwa hukohuko. Mlango ukigongwa tu, mama alituziba midomo.

Asubuhi moja baba alipanda kutoka ghorofa ya chini, nywele zinachuruzika. Mganga mmoja Mkongomani alikuwa amewaosha wanaume wa jengo kwa maji ya dawa, panga lisiwakate, ili waende Alexandra kuokoa mali zao. Mimi nilimgusa mkono nione kama ngozi imekuwa ngumu.

Bibi alinuna. Vita vya Maji Maji alizoea kutusimulia kama habari za jirani: Wajerumani walivyowalimisha watu pamba kwa viboko, na kodi juu yake, watu walivyochoka, wakapewa maji ya dawa ili risasi zigeuke maji, wakaikimbilia bunduki. Babu yake alikuwa mmoja wao. Risasi zilibaki risasi. Kisha Mjerumani akachoma mashamba na maghala, na waliosalia wakamalizwa na njaa.

"Mama, haya ni ya Kongo, siyo yale ya kwenu," baba alisema.

Ciza, kinyozi Mrundi, rafiki yake mkubwa, alikuwa akimsubiri koridoni. "Eish, maman, usiogope. Tunaenda, tunarudi sharp."

Bibi hakubishana. Alitandika kanga kizingitini akalala chali, akauziba mlango wote. Kwetu mtoto hamruki mama yake. Ukimruka, umejitakia laana. Hata mimi nililijua hilo.

"Haya, ruka," akamwambia baba.

Baba alifoka, akabembeleza, mwishowe akalia. Lakini mtu aliyekwisha kuamini maji, laana angeikataaje? Ciza alichungulia, akatikisa kichwa, akashuka ngazi na wenzake.

Ciza aliuawa siku hiyo, karibu na kibanda chake cha kunyolea. Vyerehani navyo vilikwenda. Baba hakusema na mama yake mpaka alipompandisha basi la kurudi nyumbani. Nadhani alishindwa kumsamehe kwa kuwa yeye mwenyewe alibaki hai.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Bibi kwenye simu kama laana ile ni ya kweli.

"Sijui," alisema. "Ila babu yangu alipokwenda vitani, mama yake alimfungia chakula cha njiani."

Sasa nina duka dogo Kensington, jiji lilelile, na wanaotaka sisi wageni tuondoke wakipita barabarani wakiimba, nafunga mlango upesi. Mwanangu ameanza kuota ndevu, na hasira anazo. Anasema Kizulu na Kiingereza. Habari ya kutomruka mama hajawahi kuisikia. Inabidi nimwambie mapema, na nimwambie kama mtu anayeamini.