Lulu Iliyonuka Kwato

Anaeli wa Kirua Vunjo alikuwa mpika mawe, na kazi hiyo ilimpenda kuliko kahawa ilivyowahi kumpenda. Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa ikipanda siku moja na kushuka mwezi mzima, na wanunuzi binafsi wameanza kupanda mlimani na mizani zao, kila mmoja na uongo wake. Anaeli akang'oa mistari michache ya mibuni nyuma ya nyumba, akajenga kibanda cha mabati, akaweka jiko la mkaa ndani yake.

Mawe yenyewe yalikuwa tanzanaiti kutoka Mererani, kule tambarare, nayo yalikuja na ukahawia kama chai iliyolala. Madalali wa mjini Moshi walimletea yakiwa yamefungwa kwenye vikaratasi. Aliyafukia katika kopo la mchanga uliochekechwa, akaliweka kopo juu ya makaa, akachochea pole pole kama mtu anayembembeleza ndama. Jiwe likitoka, ule ukahawia umekimbia, imebaki bluu tupu, bluu ya mlima alfajiri kabla jua halijaugusa. Kazi ina lugha yake, na Anaeli aliisema vizuri. Maji ya jiwe ni ule uangavu wa ndani. Moto wa jiwe ni cheche zinazoruka ukiligeuza. Ufa ni adui. Jiwe lisilo na maji, alisema, ni kokoto lenye majivuno.

Mtu mmoja tu hakuvutiwa na habari hizi, naye alikuwa mama mkwe wake, Bibi Ndelilio.

"Ameng'oa kahawa ya baba yake apike mawe," bibi huyo alikuwa akisema nje ya kanisa baada ya ibada, kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona. "Siku binti yangu akipakua mtori wa kokoto mniite, nije na meno yangu."

Tangu mibuni ile ing'olewe, hakunywa hata maji nyumbani kwa Anaeli. Alikuja, akasalimia akiwa uani, akamkabidhi binti yake Hellen mkungu wa ndizi, akageuka.

Kwa hiyo Jumanne moja asubuhi alipoinama na kuingia kibandani mwenyewe, na fimbo yake, Anaeli aliruka kutoka kwenye kigoda nusura apige jiko teke.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba baba. Kaa, moto wako usije ukazimika kwa adabu."

Bibi akafungua fundo la kitambaa cheusi kwa masizi. Ndani mlikuwa na uzi wa shanga za mviringo, kubwa katikati na ndogo kuelekea kwenye kishikizo, zote rangi ya jino la mzee anayevuta kiko.

"Ni lulu," akasema.

Hellen, aliyekuwa amemfuata mama yake mpaka mlangoni, akashika mdomo. Neno hilo walilijua tangu utotoni. Walilisikia katika mahubiri, waliliimba, na pale kijijini palikuwa na wasichana wawili wanaoitwa hivyo. Lakini kuiona yenyewe, nani aliwahi?

"Alinipa mama Despina, yule Mgiriki niliyemlelea watoto kule shambani," Bibi Ndelilio akasema. "Siku serikali ilipolichukua shamba, alinitia hizi mkononi. Nimeziweka darini juu ya moshi, pamoja na mbegu za maharage, zisiliwe na wadudu."

"Zilikuwaje, mama, zilipokuwa mpya?"

Bibi aliugeuza uzi kiganjani. Anaeli hakuwahi kumwona akitafuta neno.

"Nyeupe, lakini si nyeupe. Ukizitazama hivi, waridi. Ukigeuza, kijani kidogo, kama shingo ya njiwa. Umeona povu la sabuni juani? Hivyo." Kisha akajikohoza, kama mtu aliyesema mengi mno. "Jumamosi Pamela anaolewa. Nataka mjukuu wangu aingie kanisani nazo zikiwa kama nilivyopewa. Watu wanasema unayarudishia mawe rangi. Haya, rudisha."

Alipofika mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Baba Pamela. Sijawahi kukuomba kitu."

"Hujawahi, mama."

"Basi."

Akaenda zake. Anaeli alibaki ameshika uzi ule kwa mikono miwili. Miaka yote ya ndoa yake alitamani mama huyu ampe kitu, hata jembe la kurekebisha mpini. Leo amempa hiki.

Mchana huo dalali wake, Sirili, alifika kuchukua mawe yake. Sirili alivaa miwani ya jua hata ndani ya kibanda. Akaichukua lulu ile kubwa ya katikati, akainyanyua juani, akafumba jicho moja.

"Mzee, hii haina maji kabisa! Mwanga haupiti. Umeingia ukalala humo humo."

"Umewahi kuuza lulu wewe?"

"Mimi nimeuza yakuti, nimeuza akiki. Nimeuza chupa ya bia nikaiita zumaridi, na mteja akanishukuru."

"Lulu, Sirili. Nakuuliza lulu."

"Lulu ni mke wa kaka yangu." Sirili akacheka peke yake, halafu akaona Anaeli hacheki. "Sikiliza, mzee wangu. Jiwe ni jiwe. Kila jiwe lina mama yake, na mama yake ni moto. Pika."

Hellen hakupenda. "Pika moja kwanza," alisema jioni wakila. "Moja, ile ndogo kabisa. Mama yangu ndiye huyo, namjua."

Hayo yalikuwa pia mawazo ya Anaeli mwenyewe. Siku iliyofuata alikata uzi karibu na kishikizo, akatoa punje iliyokuwa ndogo kuliko zote, akaifukia katika mchanga. Akapunguza makaa chini ya kawaida yake, kwa heshima. Kisha akakaa kwenye kigoda akingoja, moyo umetulia, maana mawe aliyajua. Jiwe halina haraka, jiwe halilalamiki, jiwe halinuki.

Likanuka.

Mwanzoni alidhani cheche imeshika nywele zake, akajipapasa kichwa. Kisha akadhani ni kwa jirani. Hellen naye akapaza sauti kutoka jikoni, "Baba Pamela! Nani anababua kwato huko? Ng'ombe wa harusi hajachinjwa bado!"

Anaeli akainamia kopo. Harufu ilitoka mle. Ilikuwa harufu ya kwato, ya ukucha, ya pembe iliyoguswa na chuma cha moto. Harufu ya kitu kilichozaliwa.

Akalipindua kopo juu ya bati. Punje ikabingirika ikasimama. Imeungua ikawa ya kahawia, imepasuka, na katika mpasuko ule zilionekana tabaka, ganda juu ya ganda, nyembamba kuliko za kitunguu. Ganda moja likabanduka. Anaeli akashusha pumzi, na ganda lile likapeperuka.

Jiwe gani hilo linalopeperuka?

Akazitazama kucha zake. Kisha akautazama uzi uliobaki kando ya jiko, akausogeza mbali na joto kwa ncha za vidole, kama mtu anayesogeza vifaranga.

"Mama Pamela," akaita. "Njoo uone. Hili halikuwa jiwe."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Lakini lilikuwa hai."

Hellen akanusa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. "Ruwa, Mungu wangu! Mama ametunza nini darini miaka yote hii?"

Hakuna aliyetaka kuigusa ile punje, wala kuitupa. Mwishowe Hellen akasema kwa sauti ya chini, "Tufunge uzi tena. Ilikuwa ndogo. Hataona."

"Mama yako huhesabu mbegu za maharage kabla ya kuzipanda."

"Na akishazipanda huzihesabu tena," Hellen akakubali, akajifuta uso kwa kanga. "Akikasirika hatakuja harusini. Nakwambia hatakuja. Pamela atafunga ndoa bila bibi yake, na mimi nitaulizwa na ukoo mzima."

Anaeli alitoka akaenda mpakani mwa kihamba, lile shamba la nyumbani, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Kwa Wachagga mkosaji haendi kuomba radhi mikono mitupu. Hulishika isale mbele yake, na anayepelekewa hawezi kumfukuza. Ila hakuna sheria inayomlazimisha aliyekosewa atabasamu. Anaeli akaitia ile punje iliyoungua katika kiberiti kitupu, akaufunga uzi wa lulu katika leso safi, akashika njia.

Alimkuta Bibi Ndelilio ameketi kwenye benchi nje ya zizi, akikatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe. Bibi aliliona isale kabla hajauona uso wa mkwe wake. Panga likasimama hewani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Shikamoo."

Shikamoo haikupokelewa. "Umezichoma."

"Moja, mama. Ile ndogo ya mwisho. Nimekosa. Nilidhani ni jiwe."

Ng'ombe aliendelea kutafuna. Anaeli alisimama amelinyoosha jani, mkono ukianza kuuma, na bibi hakulipokea.

"Ilete."

Anaeli akaliweka isale kwenye benchi, akafungua kiberiti. Bibi akaitoa ile punje kwa vidole viwili, akaitazama, na kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri tena, akaipeleka puani. Hapo uso wake ukabadilika. Panga likamponyoka mkononi, likaanguka kwenye maganda ya mgomba.

"Kwato," akasema.

"Ndiyo, mama. Hata mimi nilishtuka."

"Kwato! Mae! Kwa hiyo ni kweli."

Anaeli akadhani bibi anaumwa. Akamshika bega, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu, na bibi hakuuondoa mkono ule.

"Siku ile," Bibi Ndelilio akasema, "masanduku yameshapakiwa, mama Despina akanitia hizi mkononi. Akaniambia, 'Ndeli, hizi si jiwe. Kuna mnyama baharini, anaishi ndani ya gamba kama konokono. Chembe ikimwingia ikamchoma, hana mikono ya kuitoa. Anaifunika kwa mate yake, anaifunika, anaifunika, mpaka inakuwa hivi.' Nami nikamtazama. Nikajiambia, huyu mwanamke ananicheka. Nimewalea watoto wake watatu mgongoni kwangu, leo anaondoka ananipa mate ya konokono, tena ananipa na hadithi, kwa sababu mimi ni msichana wa mlimani, nitaamini lolote."

"Mama..."

"Ngoja. Walipopanda gari alinipungia mkono. Watoto wakaniita. Mimi nikaingia stoo nikajifungia. Sikutoka, baba. Nilisikia gari likiondoka, nami nimekaa juu ya gunia la chumvi nimenuna." Akainusa tena ile punje, kana kwamba ingebadilisha ushahidi wake. "Kumbe alinipa kitu chake mwenyewe. Alinipa na ukweli wake."

Anaeli alikuwa amekuja kupokea hasira, akawa hana ghala la kuwekea kitu kingine.

"Huenda bado yuko hai huko kwao," akasema.

"Alikuwa mkubwa kwangu sana," bibi akajibu.

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua leso, akautoa uzi. Akaishika ncha ya kanga yake, akaitemea mate, akaanza kuifuta ile lulu kubwa ya katikati kama anavyofutwa mtoto uso. Masizi yakaja kwenye kanga, meusi, ya miaka mingi. Akatema tena, akafuta tena.

Na Anaeli akaona. Mng'ao ulianza kama ukungu, kisha ukaenea. Nao haukutoka ndani kama wa jiwe, bali ulikaa juu ya ngozi ya lulu yenyewe, ukitembea kila bibi alipogeuza mkono, waridi likikimbizana na kijani. Hapakuwa na maji ya kutazama ndani yake, wala cheche. Yote aliyoyajua juu ya mawe hayakumsaidia hata kidogo, na kinywa kilikuwa wazi akiwa hana habari.

"Moto wote ule," akasema, "na yenyewe ilitaka mate."

"Usisimame hapo kama mgomba uliokosa mbolea. Kaa. Shika upande ule. Au mate yako ni ya kusifia mawe tu?"

Anaeli akaketi kwenye benchi moja na mama mkwe wake. Wakatema, wakafuta. Si zote zilirudi. Chache zilibaki na umanjano wake, na moja ilikuwa na kovu ambalo mate yasingeliponya. Mara moja bibi aliacha kufuta, akatazama njia iendayo kule kwenye mashamba ya zamani, akatikisa kichwa, akaendelea.

Walipomaliza, akalichukua lile isale kutoka kwenye benchi, akalichomeka juu ya mlango wa nyumba yake. Akamgeuzia Anaeli mgongo, akainua kilemba.

"Nifunge."

"Mama?"

"Nifunge shingoni. Pamela atazivaa Jumamosi na mimi nitakuwa benchi la mbele nikimwangalia. Lakini mimi ndiye niliyepewa, na sijazivaa hata siku moja."

Anaeli akauunga uzi kwa fundo pale alipoukata, akazifunga. Bibi akauchukua mundu ukutani, akateremka kwenye majani kando ya mfereji, maana ng'ombe hangojei mtu. Baadaye kidogo akapanda tena na mzigo wa majani kichwani, maji ya mfereji yakimchuruzika, na shingoni lulu zikibadilika rangi kwa kila hatua. Wanawake wawili waliokuwa wakipita njiani walianza kumwamkia, wakaishia katikati ya neno.

"Mnatazama nini?" akawauliza. "Nimepewa na rafiki yangu."