Kiti cha Mwisho cha Susu Inger

Harufu ya mafuta ya kupaka mbao hunirudisha Beltsville, Marekani, kwenye gereji ya Susu Inger, mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Inger alikuwa mtu wa Denmark, mbunifu wa samani, na kwa miaka hamsini viti vyake vilikuwa vimekaliwa na wakubwa kwa wadogo. Mama yangu, Nduku, Mkamba wa Machakos, alikuwa akimhudumia mchana kutwa, na shule zilipofungwa nilikwenda naye kutoka kwetu Laurel, mji wa jirani. Susu ndivyo Wakamba tunavyomwita bibi. Mama alimpachika jina hilo siku ya kwanza, na mzee akalipenda.

Msimu huo wa joto palikuwa na jambo moja tu katika nyumba ile: kiti. Huko Washington yalikuwa yakiandaliwa maonyesho ya kazi zake zote, na Susu alitaka kuyafunga kwa kiti kipya, chepesi, kisicho na msumari hata mmoja. Mbao za mwaloni zilikuwa zimeshaungwa, na lo, zilivyopendeza! Lakini baridi yabisi ilikuwa imemkaza vidole, na mafundi wawili aliowaita kusuka kikalio kwa kamba za karatasi ngumu iliyosokotwa hawakufua dafu. Kila kilipokaliwa kililegea. Zikabaki wiki mbili. Susu akaanza kusema kiti kiachwe, yeye amekwisha. Mama hakuyapenda maneno hayo hata kidogo. Alikigusa kile kikalio, akasonya, akamwambia kwamba kamba hukatikia pabovu, na ubovu ulikuwa kwenye kamba, si kwa Susu.

Wakabishana siku tatu, mama akitaka akisuke yeye. Susu hakutaka mtu aiguse michoro yake. Mama naye kichwa kigumu, namjua. Mwishowe mzee akasema, "Haya, suka." Mama akanunua katani, akapandisha gauni, akaisokota juu ya paja kama bibi yangu alivyomfundisha kusuka vyondo, vikapu vyetu vya Kikamba, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ujuzi hauzeeki, jamani. Kilipokamilika hakutaka kijaribiwe na mtu mwembamba. Alimwita mchungaji wetu, mtu wa mwili hasa, akamkalisha hapo na chai vikombe viwili. Kiti hakikulia wala kulegea. Susu alicheka huku machozi yakimtoka, akanipa kalamu ya wino, akanielekeza chini ya kikalio.

"Andika Inger," akasema. "Halafu andika Nduku."

Siku ya maonyesho alikataa kupigwa picha bila mama pembeni yake, na mama alivyotembea na kitenge chake kipya, ungedhani jengo lote ni lake. Nilijisikia fahari mpaka nikashindwa kula.

Susu hatunaye tena. Siku hizi viti tunaagiza kwa simu, vinaletwa mlangoni ndani ya boksi, na mwaka hauishi vimeshayumba. Kile kiti Susu alimpa mama, nacho kipo sebuleni kwetu Laurel. Vidole vya mama navyo vimeanza kukaza, lakini mgeni akija hakaribishwi kuketi hivi hivi. Mama hukipindua kwanza, akamwonyesha mwandiko wangu wa kitoto, akangoja asome majina yote mawili. Ndipo humwambia, "Sasa kaa. Hakijalegea."