Wewe ni wa Nani

Amani mjukuu wangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka hadi leo, ingawa siku hizi natafuta hata miwani niliyoivaa usoni.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia kule Bukavu. Mwalimu wetu wa Kigiriki cha kale, mzee mpole, alitusomea habari za Yohana Mbatizaji, yule aliyekula nzige na asali ya mwitu. Nzige wetu sisi hana makuu: mmoja ni nzige, wengi ni nzige. Wa Kigiriki ana maringo. Mmoja ni akris, wengi ni akrides, na ukitaka kusema "wa nzige", kama bawa la nzige, ni akridos. Nikauliza hiyo d imetoka wapi.

"Ilikuwemo tangu mwanzo," mwalimu akasema. "Neno likisimama peke yake, inajificha. Likipata mwenzake, inatokea. Na wewe je, ni Yosefu wa nani?"

Nikamwambia ukweli: baba amefariki karibuni, na kila nikimtaja nalia.

"Basi lia," akaniambia taratibu, "lakini mtaje."

Nikamtaja huku nalia, mbele ya darasa zima.

Sasa, Jumapili iliyopita, kwenye treni ya kwenda Liverpool hii ya jirani yetu hapa ugenini, mama mmoja Mrundi alikuuliza, "Weye ni mtoto ya nani?" Ukamjibu, "I'm just Amani, auntie," yaani wewe ni Amani tu, basi. Mimi babu yako nikageukia dirishani. Sikukukemea, maana tangu tumzike baba yako kule kwenye kambi ya wakimbizi, hata mimi sijalitaja jina lake. Namkumbuka sana mwanangu yule. Mtu akikohoa kama yeye hapa mtaani kwetu Macquarie Fields, bado nageuka kutazama.

Leo nalitamka. Bahati. Baba yako ni Bahati, aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Mjukuu wangu, usimfiche marehemu ili usiumie. Ongea Kiingereza chako upendavyo, sina ugomvi nacho. Lakini ukiulizwa wewe ni wa nani, sema wa Bahati, hata kama sauti itakatika katikati.

Mungu akutangulie kila uendako. Akupe uzee mwema, na watoto ambao siku wakiulizwa watajibu bila kusita: sisi ni wa Amani, wa Bahati, wa Yosefu.